Kuridhika ni kwa Leo

Sikiliza maneno tunayosema kisimani, shambani na dukani. Mmoja anasema, "Nikipata mabati, roho yangu itatulia." Wa pili anasema, "Watoto wakimaliza shule, nitapumzika." Wa tatu anasema, "Nikihamia mjini, hapo ndipo nitaanza kuishi."

Sasa nenda kwa yule aliyekwisha kupata mabati. Je, roho yake imetulia? Haijatulia. Yeye anasema, "Nikipata umeme, nitatulia." Mwenye umeme anataka pikipiki. Mwenye pikipiki anataka gari. Yule aliyehamia mjini analia kodi ya chumba, na anakumbuka migomba ya nyumbani. Kila mmoja ameiweka furaha yake mbele, mahali asipoweza kuifikia. Akipiga hatua moja, furaha nayo inapiga hatua moja.

Hivyo ndivyo watu wengi wanavyomaliza maisha yao. Wanangoja kuishi. Halafu siku moja nguvu zinakwisha, na siku walizopewa hawakuziona.

Mimi naona kwamba Mkristo anaweza kuridhika leo. Anaweza kuridhika kabla ya mabati, kabla ya mavuno, na hata kabla ya kupona. Tena naona kwamba asiporidhika leo, hataridhika kesho hata akipewa kijiji kizima. Lakini neno hili "kuridhika" watu hulitumia vibaya. Wengine hulitumia kuficha uvivu. Wengine hulitumia kuwanyamazisha maskini. Kwa hiyo inafaa tulieleze vizuri.

Kuridhika ni nini?

Tuchukue wakulima wawili. Mashamba yao yanapakana. Mvua iliyonyesha kwa mmoja ilinyesha kwa mwingine. Kila mmoja amevuna magunia kumi ya mahindi. Wa kwanza anayaangalia magunia yake, anamshukuru Mungu, anatenga ya chakula, anatenga ya mbegu, na yanayobaki anayauza. Jioni anakula pamoja na watoto wake na kuzungumza nao. Wa pili anayaangalia magunia yake, lakini macho yake yako ng'ambo ya mto, kwa mtu aliyevuna magunia ishirini. Jioni anakula kwa hasira. Watoto wanamwogopa. Usiku hapati usingizi.

Mahindi ni yale yale. Mvua ni ile ile. Tofauti iko moyoni.

Kuridhika ni moyo kusema, "Mungu yuko pamoja nami leo, na alichonipa leo kinatosha kunifanya nishukuru." Mtu wa namna hiyo bado ana haja. Anaweza kuhitaji dawa, jembe jipya, au karo ya shule. Anazitafuta kwa bidii. Lakini hangoji kuzipata ndipo aanze kumshukuru Mungu na kuwapenda watu wa nyumbani mwake.

Tena tutofautishe haja na tamaa. Haja ina mwisho. Mwenye njaa akila, anashiba. Mwenye kiu akinywa, anaiweka kata chini. Tamaa haina mwisho. Ni kama kumwaga maji katika mtungi uliotoboka. Unachota mchana kutwa, na jioni mtungi ni mkavu.

Mfalme aliyekataa kula

Biblia inatueleza habari za mfalme wa Israeli aliyeitwa Ahabu. Habari zake ziko katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Ahabu alikuwa na majumba. Alikuwa na mashamba, askari na watumishi. Karibu na jumba lake la Yezreeli palikuwa na shamba la mizabibu la mtu mmoja aliyeitwa Nabothi. Ahabu akalitamani. Alitaka kulifanya bustani ya mboga.

Nabothi alikataa kuliuza. Lile lilikuwa shamba la urithi, ardhi ya baba zake. Ninyi mnaoishi kwa ardhi mnajua uzito wa neno hilo. Ahabu akarudi nyumbani amenuna. Akalala kitandani, akageuza uso wake, akakataa kula.

Hebu tufikiri. Mfalme mzima amelala njaa kwa sababu ya bustani ya mboga! Chakula kilikuwapo. Nyumba ilikuwapo. Kilichokosekana ni kuridhika, na hakuna mtumishi aliyeweza kumletea hicho kwenye sinia.

Habari haikuishia hapo. Mke wake Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme na kuzipiga mhuri. Wakatafutwa watu wawili wa kumshitaki Nabothi kwa uongo. Nabothi akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe mpaka akafa. Ahabu akaenda kulichukua shamba. Huko shambani akakutana na nabii Eliya, aliyetumwa na Mungu kumwambia kwamba damu ile itadaiwa.

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tuiangalie sana habari hii. Kalamu iliyomwua Nabothi ilishikwa na mtu aliyejua kuandika vizuri. Elimu ikiwa mikononi mwa moyo wenye tamaa huwa kama panga mikononi mwa mlevi. Hata leo mashamba ya wajane huchukuliwa kwa karatasi za uongo na mashahidi wa uongo. Mwanzo wa karatasi hizo ni mtu mmoja aliyekiangalia cha jirani na kusema, "Bila kile sitakuwa na raha."

Mfungwa aliyefurahi

Sasa tumwangalie mtu mwingine, mtume Paulo. Kazi ya mikono yake ilikuwa kushona mahema. Katika safari zake za kuhubiri alipata taabu nyingi. Alipigwa viboko. Alivunjikiwa na jahazi baharini mara tatu. Alijua njaa, na alijua baridi.

Siku moja akiwa kifungoni aliandika barua kwa Wakristo wa mji wa Filipi. Walikuwa wamempelekea msaada kwa mkono wa ndugu mmoja aliyeitwa Epafrodito. Ndugu huyo aliugua sana, akakaribia kufa, kisha Mungu akamponya. Paulo akamrudisha Filipi.

Barua hiyo ni fupi. Ina sura nne tu. Mtu aliyejifunza kusoma anaweza kuimaliza kwa jioni moja, mbele ya taa. Jambo la ajabu ni kwamba barua hiyo ya mfungwa imejaa neno furaha. Katika sura ya nne Paulo anawaambia rafiki zake kwamba amejifunza kuridhika na hali yoyote aliyo nayo. Amejua kupungukiwa na amejua kuwa na vingi. Nguvu ya kuyaweza yote hayo anaipata kwa Kristo.

Tuyapime maneno hayo mawili. La kwanza ni "amejifunza". Kuridhika hakuzaliwi na mtu. Paulo alijifunza kama wewe ulivyojifunza herufi. Kwanza a, halafu e, halafu i. Siku za mwanzo mkono ulitetemeka, na kalamu ilikuwa nzito kuliko jembe. Leo unaandika jina lako mwenyewe na huweki tena alama ya dole gumba. Moyo nao hufundishwa hivyo hivyo, siku baada ya siku. Kwa hiyo usikate tamaa ukiona moyo wako unanung'unika. Rudia somo.

La pili ni "kwa Kristo". Paulo hakusema kwamba gereza ni zuri. Hakusema kwamba njaa haiumi. Alisema kwamba hakuwa peke yake. Hii ndiyo tofauti ya kuridhika kwa Mkristo na kule kukata tamaa kwa mtu anayesema, "Basi, liwalo na liwe." Aliyekata tamaa hana anayemtegemea. Mkristo anaamini kwamba Yesu alikuwa maskini, alifanya kazi ya useremala, aliteswa, alikufa na kufufuka, na sasa yuko pamoja na watu wake kila siku. Angalia maneno hayo, "kila siku". Leo ni mojawapo ya siku hizo.

Chakula cha leo

Wana wa Israeli walipotoka Misri walipita jangwani. Huko Mungu aliwapa chakula kilichoitwa mana. Kila asubuhi waliamka na kuokota. Kila mtu aliokota kadiri ya kumtosha. Wako walioogopa kesho, wakaweka akiba mpaka asubuhi. Asubuhi walikuta mana imeingia mabuu, inanuka. Hofu yao haikuwapa akiba. Iliwapa uvundo.

Yesu naye, alipowafundisha wanafunzi wake kusali, aliwafundisha kuomba chakula cha siku ile. Hakuwafundisha kuomba ghala la miaka kumi. Baba anayempa mtoto uji wa leo hajasahau uji wa kesho. Mtoto anajua hivyo, ndiyo maana anakunywa na kwenda kucheza.

Hapa mtu atauliza, "Je, basi tusiweke akiba? Tusipande miti? Tusipeleke watoto shule?" Swali hilo ni zuri. Jibu lake liko katika habari ile ile ya mana. Siku ya sita watu waliambiwa waokote mara mbili, kwa ajili ya siku ya Sabato. Akiba ile haikuoza. Kabla ya hapo, nchini Misri, Yusufu aliweka nafaka ghalani miaka saba ya shibe, na kwa nafaka hiyo watu wengi walipona katika miaka saba ya njaa. Kwa hiyo Mungu hakatazi akiba. Akiba inayotokana na busara ni nzuri. Akiba inayotokana na hofu au choyo huoza, na kumwozesha mwenyewe.

Mkulima aliyeridhika hapandi kwa uvivu. Anapalilia leo kwa sababu leo ndiyo siku ya kupalilia. Akimaliza, analala. Mvua haiko mkononi mwake, na kukesha kwake hakuwezi kuinyesha.

Kuridhika si kukubali kuonewa

Sasa nimefika mahali pagumu. Wako watu wanaowaambia maskini, "Ridhikeni, ndivyo Mungu alivyopanga." Mnunuzi mwenye mizani ya uongo hupenda sana mahubiri hayo. Mume anayempiga mkewe hupenda sana mahubiri hayo. Mimi nakataa. Hayo si mafundisho ya Biblia.

Turudi kwa Paulo. Kabla ya kuandika ile barua, alikuwa amewahi kufungwa huko huko Filipi pamoja na mwenzake Sila. Walipigwa mbele ya watu bila kuhukumiwa. Miguu yao ikatiwa katika mkatale, yaani ilibanwa katika gogo. Usiku wa manane wakasali na kuimba, na wafungwa wengine wakawasikiliza. Huko ni kuridhika. Lakini asubuhi wakubwa wa mji walituma watu wawafungue kimya kimya. Paulo akakataa. Akasema wao ni raia wa Roma, wamepigwa hadharani bila hukumu, kwa hiyo wakubwa waje wenyewe wawatoe. Wakubwa wakaogopa, wakaja, wakawabembeleza.

Unaona? Mtu yule yule aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi. Kuimba hakukumziba mdomo. Tena hakudai kwa matusi wala kwa fujo, maana moyo wake ulikuwa umetulia.

Mfano wa pili ni wa dada yetu Mwafrika. Alizaliwa Darfur, katika nchi ya Sudan, karibu na mwaka 1869. Akiwa bado mtoto mdogo aliibwa na wafanya biashara ya watumwa. Aliuzwa na kuuzwa tena. Alichanjwa mwilini kwa ukatili. Aliteswa mpaka akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Watekaji walimwita Bakhita. Neno hilo la Kiarabu ni ndugu wa neno letu "bahati". Mtoto aliyeibwa akaitwa mwenye bahati!

Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia huko Khartoum. Mwaka 1885 alipelekwa Italia, na huko akawa mlezi wa mtoto wa familia moja. Familia ile ilipokuwa safarini, yeye na mtoto waliachwa kwa masista mjini Venice. Huko Bakhita alijifunza habari za Yesu. Mama wa familia aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kwenda. Shauri likafika mbele ya mahakama. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama iliamua kwamba Bakhita si mtumwa. Ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa, akapewa jina la Josephine. Baadaye akawa sista.

Aliishi miaka mingi katika mji wa Schio. Kazi zake zilikuwa za kawaida. Alipika, alishona, alifungua mlango na kuwapokea wageni. Watu wa mji walimpenda kwa upole na furaha yake. Alikufa tarehe 8 Februari 1947. Mwaka 2000 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Tujifunze kwa Bakhita. Aliposimama na kusema "Siendi," hakukosa kuridhika. Alikuwa amejua kwamba yeye ni mtoto wa Mungu, na mtoto wa Mungu si mali ya mtu. Baada ya kupata uhuru aliwasamehe waliomtesa, lakini hakurudi utumwani. Kisha akaridhika jikoni na mlangoni. Kazi ndogo haikumfanya awe mdogo.

Basi, ndugu, ukinyimwa bei halali, sema. Ukipigwa, toa taarifa. Shamba lako likivamiwa, nenda serikali ya kijiji na baraza la ardhi. Dai haki yako ukiwa na moyo mtulivu.

Tamaa inavyotuingiza katika deni

Tusidhani kwamba jambo hili ni la kanisani tu. Linagusa mfuko na chungu.

Huko mkoa wa Kagera, nchini Tanzania, kuna jambo liitwalo butura. Mkulima anauza kahawa yake ikiwa bado maua au bado mbichi mtini. Mnunuzi anampa fedha kidogo. Wakati wa mavuno kahawa yote ni ya mnunuzi. Mkulima amepalilia, amechuma, na hana kitu. Serikali imekataza biashara hiyo mara nyingi, lakini inafanyika kwa siri. Sehemu nyingine hali ni hiyo hiyo kwa mahindi na mpunga.

Siku hizi iko pia mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu". Riba yake ni kubwa. Mkopeshaji anadai kila siku au kila wiki. Mama akichelewa, wanakuja kuchukua sufuria, godoro na hata kuku.

Simhukumu mtu aliyeuza kahawa mbichi kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa. Hiyo ni haja, na majirani na kanisa ndio wa kuulizwa, "Mlikuwa wapi?" Lakini tuseme kweli. Si kila deni hutokana na ugonjwa. Deni jingine hutokana na sare za harusi. Jingine hutokana na simu kubwa, kwa sababu jirani anayo. Wazee wetu walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbachao ni mkeka wako wa zamani. Msala upitao ni mkeka mzuri ulio begani mwa mtu anayepita njia. Utaufuata mpaka wapi?

Kuna na jambo jingine la kusikitisha. Tamaa imeingia mpaka katika dini. Wako wahubiri wanaowaambia watu, "Toa fedha hizi, na Mungu atakurudishia mara mia." Wako wanaouza mafuta na maji. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa dini, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Tuwahurumie marehemu hao na jamaa zao. Wengi walikwenda na shida za kweli. Lakini tujiulize ni mafundisho gani yanayomfanya mtu aamini kwamba baraka ya Mungu iko mahali pamoja tu, kwa dakika chache, na wa nyuma ataikosa. Mungu hagawi kwa kusukumana. Yuko nyumbani kwako jioni hii, hata kama wewe ni wa mwisho kijijini.

Tufanye nini leo?

Shauri langu ni mambo matano. Hakuna hata moja linalohitaji fedha.

Kwanza, anza siku kwa kushukuru kwa jambo moja unalolijua kwa jina. Usiseme tu, "Asante kwa yote." Sema, "Asante kwa mbuzi aliyezaa. Asante kwa mguu uliopona." Aliyejifunza kuandika anaweza kuandika jambo moja kila siku katika daftari lake. Baada ya mwezi mmoja asome tangu mwanzo. Ataona mengi aliyoyasahau.

Pili, fanya kazi iliyo mbele yako kama kazi ya Mungu. Katika karne ya 17, mjini Paris, nchini Ufaransa, palikuwa na mtawa mmoja aliyeitwa Ndugu Lawrence. Zamani alikuwa askari, na vita vilimwacha na kilema. Katika nyumba ya watawa kazi yake ilikuwa jikoni. Alifundisha kwamba mtu anaweza kuwa karibu na Mungu katikati ya vyungu na kelele za jikoni kama anavyokuwa akipiga magoti kanisani. Alikufa mwaka 1691, na maneno yake bado yanasomwa. Akina mama mnaopuliza moto kila alfajiri, jiko lenu linatosha kuwa mahali pa sala.

Tatu, kabla ya kukopa au kuuza, jiuleze swali hili. "Je, hii ni haja, au nataka nionekane?" Mwulize na mwenzi wako. Lala usiku mmoja kabla ya kutia sahihi. Na sasa kwa kuwa unajua kusoma, isome karatasi yote.

Nne, gawa kidogo ulicho nacho. Mtu anayegawa hugundua kwamba anacho. Kibaba cha unga ukimpa mgonjwa, moyo wako unajifunza kwamba si maskini kama ulivyodhani. Wakristo wa Filipi hawakuwa matajiri, lakini walimpelekea Paulo msaada.

Tano, usiku yaache ya kesho mikononi mwa Mungu. Yesu alisema kwamba kila siku ina taabu yake ya kuitosha. Mzigo wa siku moja mtu anaweza kuubeba. Mizigo ya siku mbili ikiwekwa juu ya kichwa kimoja, shingo inavunjika.

Neno la mwisho

Ndugu msomaji, huenda mabati utayapata. Nakuombea uyapate, na mvua isikunyeshee tena kitandani. Lakini leo, chini ya nyasi hizo hizo, yuko mtoto anayetaka umsikilize. Yuko mwenzi uliyezeeka naye. Iko mboga jikoni, na liko jina lako mwenyewe uliloliandika kwa mkono wako. Yuko na Mungu, ambaye hangoji nyumba yako iishe ndipo abishe hodi. Mfungulie leo. Chakula kikiiva, mshukuru, kisha kula na watu wako.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya haja na tamaa? Toa mifano miwili ya kijijini kwenu.
2. Kwa nini Mfalme Ahabu alikataa kula?
3. Paulo na Sila waliimba usiku, na asubuhi Paulo alidai haki. Je, mambo hayo mawili yanapatana? Eleza.
4. Bakhita alikataa kurudi na bibi yake. Je, alifanya vema? Kwa nini?
5. Katika kijiji chenu, mtu mwenye mtoto mgonjwa anaweza kupata msaada wapi bila kuuza mazao yake mabichi? Mwaweza kufanya nini pamoja?
6. Andika katika daftari lako jambo moja unalomshukuru Mungu leo. Msomee mwenzako.